Wakuu ngoma yetu imehit, albamu tuitoe sasa hivi au tutulie kwanza?

gitaa_la_sinza: Wakuu habari za jioni. Tuko wanne, tunapiga rock ya Kiswahili hapa Dar, tuliachia singo moja tu ikaamka yenyewe TikTok, juzi niko kwenye daladala ya Mwenge konda anaimba kiitikio chetu huku anagonga bodi, hanijui wala nini, nikatoa nauli nikakausha. Sasa meneja anataka albamu nyimbo 12 kabla ya Desemba, eti udongo uwahi ungali maji. Zilizo tayari ni 5, na studio tuliyorekodia hata chumba cha drams haina, tuliviringisha soksi tukabandika na selotepu ngozi isirindime. Naombeni ushauri.

mzee_wa_besi: Dogo, nyimbo 5 ni EP hiyo, yaani albamu fupi, msijazie makapi. Bendi ya Radiohead walitoa singo ya Creep 1992, kwao Uingereza haikushika, albamu ya kwanza ikaja Februari 1993 na ngoma ndo ikalipuka baadaye. Watu wakawa wanawajua kwa wimbo mmoja mpaka wenyewe ukawachosha. Heshima waliipata na albamu ya pili, 1995.

kaka_tozo: Rock Bongo?? Tieni amapiano kidogo mle hela 😂

gitaa_la_sinza: Meneja kasema hivyohivyo 😭

binti_upanga: Mzee wa besi, hao walikuwa na lebo kubwa nyuma yao, hawa wakipoa miaka 2 nani atawakumbuka? Bendi ya Arctic Monkeys, nao wa Uingereza, singo Oktoba 2005 ikakaa namba moja Uingereza, Januari 2006 albamu mtaani, wiki ya kwanza tu nakala zaidi ya laki 3 na nusu. Ila tuseme ukweli, wale nyimbo walikuwa nazo kitambo, walishazigawa bure kwenye CD shoo zao. Nyie hizo 7 ziko wapi?

gitaa_la_sinza: Mbili ziko kwenye simu, nyingine bado hazijazaliwa dada yangu

mzee_wa_besi: Basi jibu unalo. Kwani COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mmeisajili hiyo singo? Na mkataba wa huyo meneja unasemaje asilimia ngapi?

gitaa_la_sinza: Mkataba hatuna mkuu, tuliongea tu tukila chipsi. Na akaunti ya YouTube iko kwa jina lake.

mzee_wa_besi: Weh. Acha habari za albamu, kesho asubuhi anza na hiyo akaunti.