Ushauri: Wateja wameongezeka Kigoma, nikope nipanue kiwanda cha sabuni?

Mkamuaji wa Ujiji:
Wakuu salaam. Nina kiwanda kidogo cha sabuni za vipande hapa Ujiji, natumia mafuta ya mise (kokwa za ndani za tunda la mchikichi) na mawese. Tangu ujenzi uchangamke, vibarua wana hela na wateja wameongezeka. Kila mtu ananiambia kakope, uchumi unakua watu wakinunua. Ila nikipita soko la Mwanga naona hela nyingi inaishia kwenye mafuta ya kula ya kutoka nje, mitumba, simu na pikipiki. Mahitaji ya namna hii yatabeba mkopo wa miaka mitatu kweli? Au nielekee ng'ambo ya ziwa, Kongo, miji ya Kalemie na Uvira?

Mhasibu Mwanga:
Mkuu, wasiwasi wako una msingi. Hela ya kibarua inakuza uchumi kwa kuzunguka. Chukua mfano tu: kwenye kila shilingi 100, zinabaki 40 za kununua vya hapa, 60 zinaondoka. Mia inazaa 40, arobaini inazaa 16, hadi mwisho jumla inafika kama 167. Zingebaki 70, ungefika kama 333, na ujenzi ni uleule! Nchi ndogo iliyofungulia bidhaa za nje inavuja hivyo. Kipato kikipanda tunaagiza zaidi, na vya nje vinalipiwa dola. Mchumi Mwingereza Thirlwall alilieleza mwaka 1979: kwa muda mrefu, kasi ya nchi kukua inabanwa na kasi ya mauzo yake ya nje, na jinsi wananchi wanavyokimbilia vya nje wakipata. Ujenzi ukiisha vibarua wanahama, rejesho linabaki kwako.

Mama Mise:
Kaka yangu, nyote mnasema wanunuzi, mise je? Wateja wakiongezeka leo, mchikichi hauzai kesho. Mche unataka miaka mitatu, minne. Mashambani bado tuna dura nyingi, aina ya mchikichi yenye ganda nene nyama kidogo. Tenera, mbegu bora za kituo cha utafiti cha Kihinga, ndizo zenye mafuta mengi, na kampeni ya kuzipanda ilianza 2018 tu. Mkikopa wote mkanunua mashine, mtagombania mise zilezile, bei itapanda, faida ataila aliyewakopesha. Funga makubaliano na wakulima kwanza.

Msafiri Kibirizi:
Ng'ambo usiende kichwakichwa. Chumvi ya Uvinza inavuka ziwa kwa sababu kule inahitajika na haipatikani kirahisi. Sabuni ni habari nyingine, Wakongo nao wana michikichi. Burundi wateja wapo, lakini faranga yao imeshuka sana, ukipokea leo wiki ijayo umepungukiwa. Kongo wanalipa dola, hilo ni zuri, maana hata kostiki yako, ile soda ya kupikia sabuni, inaagizwa nje. Peleka mzigo mdogo kwa boti, uone unarudi na kiasi gani baada ya nauli na ushuru.

Mkamuaji wa Ujiji:
Nawashukuru sana. Mashine kubwa naiacha. Nitakopa kidogo ninunue mise wakati wa mavuno, nishindane na sabuni zinazoletwa kwa treni kutoka Dar, maana kila mteja nikimchukua huko hela yake inabaki Kigoma. Dada Mama Mise, na wakulima mnaandikishana au ni kwa mdomo?

Mama Mise:
Andikishaneni mbele ya mtendaji wa kijiji. Bei msiifunge mwaka mzima, itawagombanisha; kubalianeni kilo, na bei muipange kila msimu. Tanguliza kidogo, lakini usimalize hela yote kabla mzigo haujapimwa.