Kufundisha wanafunzi wa afya kutafuta ushahidi: mkutubi aanzie wapi?

Mkutubi_Mtwara
Wakuu, habari za kazi. Niko maktaba ya chuo cha afya hapa Mtwara. Nimepewa vipindi vinne vya saa moja na nusu, wanafunzi 40 wa uuguzi na utabibu, kompyuta 12, na intaneti ndiyo hii tunayoijua. Kwenye PubMed, hifadhidata ya bure ya makala za kitabibu, wanaandika sentensi nzima kama wanauliza Google, wanapata makala mbili au hawapati kitu, basi wanasema "hakuna utafiti". Halafu kuna daktari anataka nimsaidie mapitio ya kimfumo (kukusanya na kuchambua kwa utaratibu tafiti zote za swali moja) kuhusu matende. Kazi yangu hapo inaishia wapi?

BiShamsa_Lindi
Kompyuta zizime kipindi cha kwanza chote. Karatasi na kalamu, fundisha swali.

Hayo hayo matende yanatosha. "Matende yanatibiwaje?" halitafutiki. Livunje: mgonjwa ni mtu mzima mwenye mguu uliovimba kwa matende, anachofanyiwa ni kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji na kuukausha vizuri katikati ya vidole, unalinganisha na asiyefundishwa hivyo, matokeo ni mara ngapi kwa mwaka mguu unawaka moto na homa kupanda. Watakwama kwenye matokeo, maana kila mtu ataandika "kupona". Wabane hapo hapo. Mguu uliokwisha kuwa mgumu hautarajiwi kurudi kama ulivyokuwa, ila mashambulizi yanahesabika.

Kipindi cha pili ndipo PubMed. Chukueni mgonjwa na tiba tu. Matokeo msiyaweke, kwa sababu makala nyingi hazitaji kila matokeo kwenye muhtasari na mtazipoteza. Fungueni ukurasa wa utafutaji wa kina, kila mstari uendeshwe peke yake:

1: lymphedema OR lymphoedema OR elephantiasis
2: hygiene OR soap OR washing OR "skin care"

Kisha #1 AND #2. OR (lolote kati ya haya) na AND (yote kwa pamoja) ziwe herufi kubwa. Tahajia zote mbili, ya Marekani na ya Uingereza, ziingie. Mkirundika yote kwenye kisanduku kimoja bila mabano, PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia na jibu linaharibika bila onyo lolote.

Watashangaa kuona makala za wanawake waliovimba mkono baada ya matibabu ya saratani ya matiti. Waache washangae kwanza, kisha waongeze mstari wa 3: filari* (mzizi wa jina la minyoo ya matende, nyota inaleta miisho yote ya neno), wauunganishe na AND. Kosa hilo moja linafundisha kuliko slaidi 20.

Tabibu_Masasi
Shamsa kamaliza, naongeza kuhusu kupata makala nzima. Chuo kijiandikishe Hinari, mpango wa WHO na wachapishaji. Tanzania iko kundi la bure. Wengi huingia, wakipata kichwa cha makala wanarudi Google kuibofya, wanakutana na bei ya dola, wanakata tamaa. Lazima upite mlango wa Hinari kwenyewe ukiwa umeshaingia, ndipo mchapishaji akutambue. Nywila isibandikwe ukutani wala isirushwe kwenye kundi la WhatsApp, na usipakue majarida kwa mkupuo, taasisi nzima inaweza kufungiwa.

Makala za kufundishia zipakue siku moja kabla, ziweke kwenye flashi. Umeme wa kipindi haupangwi na mkutubi. Na kwa kompyuta 12, wakae watatu watatu au wanne wanne, anayeshika kipanya abadilike kila zoezi.

Mzee_wa_MeSH
Kwa yule daktari: kaa naye kabla hajatafuta chochote. Kazi yako ni kuandaa mkakati wa utafutaji, kuuendesha kwenye hifadhidata zaidi ya moja, kuondoa nakala zinazojirudia (Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure), na kuandika kila kitu: hifadhidata ipi, tarehe ipi, mistari kama ilivyoandikwa, ilileta makala ngapi. PRISMA ya 2020, mwongozo wa kuripoti mapitio ya kimfumo, inataka mkakati kamili wa kila hifadhidata, siyo "tulitafuta PubMed". Asipoweka tarehe, hakuna anayeweza kurudia. Kuamua makala ipi iingie si lazima uwe wewe, ila wawe watu wawili wanaosoma kila mmoja peke yake.

Tumia MeSH (lebo rasmi za mada ambazo makala za PubMed huwekewa) pamoja na maneno ya kawaida, usitegemee kimoja. Makala mpya huweza kuwa hazijawekewa MeSH, na tangu 2022 kazi hiyo inafanywa na mashine, kwa hiyo lebo nyingine zinapotea njia. Kama umefanya sehemu kubwa ya hayo, umeshiriki kuandika na umeidhinisha toleo la mwisho, jina lako likae kwa waandishi. Hilo msemezane mwanzoni, siyo rasimu ikishakamilika.

Mkutubi_Mtwara
Asanteni sana. Kipindi cha tatu na cha nne je? Kupima ubora wa makala, takwimu zinanitisha.

BiShamsa_Lindi
Chukua hesabu moja tu ya kubuni. Wasioosha mguu: 20 kati ya 100 wameshambuliwa. Wanaoosha: 10 kati ya 100. Gazeti litaandika "hatari imepungua kwa nusu". Tofauti halisi ni 10 kwa 100, maana yake unafundisha watu 10 ili mmoja aepuke. Kisha badilisha iwe 2 na 1 kwa 100: bado ni "nusu", lakini sasa ni watu 100. Wakiliona hilo, wape orodha ya maswali ya CASP, ya kupimia ubora wa makala, na makala moja. Kuhusu p, ile namba ya kitakwimu inayotajwa kwenye matokeo, mwachie mwalimu wa takwimu.