Mrejesho: mkate uliumuka, skafu imetulia, na mwandishi nimemwona

Wapendwa, niliwauliza kwa nini mkate wangu wa kumimina hauumuki huku Njombe, na kwa nini skafu ninayofuma inajikunja pembeni. Vyote vilikuwa vya mama mmoja mwandishi wa riwaya ninayempenda sana, ambaye shangazi alimwalika kwake.

Mkate kwanza. Aliyesema tatizo ni baridi, Mungu akuzidishie. Mwezi wa saba huku hamira inasinzia. Nilisaga mchele uliolala kwenye maji usiku kucha pamoja na tui zito, hamira, iliki na sukari, bakuli nikaliweka jirani na jiko la mkaa, nikalifunika kanga. Ukafura! Nikamimina bila kukoroga tena, maana ukikoroga unafukuza hewa. Moto mdogo chini, baadaye makaa juu ya mfuniko.

Skafu niliifumua, nikaanza upya mishono miwili ya mbele, miwili ya nyuma. Imetulia, tena inavutika. Uzi uliisha kabla ya mwisho, kwa hiyo ncha moja ni ya kijani. Nimeamua ni pambo.

Mama mwenyewe sasa! Nilikuwa na maswali kibao kuhusu vitabu vyake, nikaishia kumpa shikamoo mara mbili. Akavaa skafu palepale, akaonja mkate, na mazungumzo yakahamia kwenye iliki: yeye huisaga na maganda, mimi naimenya. Tulibishana kweli. Vitabu tuliviongelea mlangoni, akiaga.

Sasa ameomba soksi. Nani anajua kufuma kisigino?