Ukisema unatoka Tanga, wanakutazama vipi? Tupeane uzoefu

Mwana wa Chumbageni:
Wadau, hasa dada zangu wa Tanga, mlioko nyumbani na mlioko mbali. Hili nataka tuliongee bila kuchekacheka.

Nafanya kazi Dodoma. Nikijitambulisha kwa mtu mgeni, nikifika tu kwenye "natokea Tanga", uso wake unabadilika. Mwingine anaguna. Mwingine anauliza kama nilichezwa unyago, kama nina shanga kiunoni. Hivi karibuni nilikuwa nawasilisha matumizi ya robo mwaka, bwana mmoja akanikatiza: "Mtoto wa Tanga, wewe ongea tu, sauti inatosha, hizo hesabu tutaziona wenyewe." Chumba kizima kikacheka. Nikamaliza kusoma jedwali langu, lakini hakuna aliyeniuliza swali hata moja, na kwenye jedwali lile kulikuwa na hoja nzito.

Najua wapo wanaoona ni sifa, wanasema mahaba yamezaliwa Tanga. Bibi zetu walifukiza udi na kusuka vikuba vya asmini ndani ya nyumba zao, kwa hiari yao, kwa watu wao. Mtu nisiyemjua hana haki ya kunisogezea kiti kwa kudhani na yeye kaalikwa.

Yaliyokukuta ni yapi, na yalikufanya nini? Wanaume pia mnakaribishwa.

Binti Pangani:
Mie niliomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Sitaitaja. Nina cheti, nimesoma miaka miwili. Wakataka picha ya mwili mzima, na nyingine nimegeuka. Cheti hakuna aliyekiomba mpaka leo. Nikaenda mwenyewe na bahasha yangu, wakanipa kazi ya vyumbani. Mapokezi walikaa wasichana wa ngozi nyeupe. Mwenzangu akaanza mkorogo ili apandishwe, uso ukawaka, masikio na vidole vikabaki vyeusi. Halafu mkubwa wa zamu akanitumia ujumbe: nikitaka kuhamia mapokezi, nikaonane naye Jumamosi usiku. Sikwenda. Niliacha kazi mwezi ule ule.

Duka la Barabara ya 12:
Nauza vipodozi Ngamiani. Wasichana wadogo kabisa wanakuja kuulizia krimu za kujichubua, na dawa za kuongeza makalio. Siziuzi. Nyingi za kujichubua zina zebaki au haidrokwinoni, na zebaki inapenya kwenye ngozi na kuumiza figo. Nikiwauliza nani kawaambia mna kasoro, wanataja mvulana, au wanataja picha za kwenye simu. Naumia sana.

Mgosi Halisi:
Tuwe wakweli, mwanaume gani haangalii? Wavae vizuri tu, yataisha.

Mama wa Mabawa:
Baba, mimi navaa baibui tangu sijaolewa. Niliminywa ndani ya daladala nikiwa na mimba ya miezi saba. Hebu niambie nilipaswa kuvaa nini.

Mwalimu wa Muheza:
Nafundisha hisabati kidato cha pili. Nina mwanafunzi wa kike anayeweza kuliko wote darasani, lakini nikimwita ubaoni anachukua sweta ya jirani, anajifunga kiunoni, anafunga fundo mara mbili, ndipo anainuka. Joto la huku mnalijua. Anaandika kwa haraka huku kajipinda upande, mgongo asiwape wavulana, na mara nyingi anaruka hatua. Akirudi kwenye dawati, swali lile lile analimaliza sawasawa.

Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts, wanasaikolojia wa Marekani, waliandika mwaka 1997 kwamba mwanamke anayetazamwa kama mwili kila siku huishia kujitazama mwenyewe kwa jicho la watazamaji, na hapo akili inagawanyika. Mwaka uliofuata Fredrickson na wenzake walipima. Wanafunzi wa chuo walijaribu nguo mbele ya kioo, kila mtu peke yake chumbani: wengine sweta, wengine vazi la kuogelea, kisha wakafanya jaribio la hisabati. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya kuliko wenzao wa sweta. Kwa wavulana, vazi halikuwapunguzia alama. Na mle chumbani hakukuwa na mtu wa kuwapigia mluzi!

Sasa kazi za ubaoni nazikusanya kwenye madaftari, na wavulana nimeanza kuzungumza nao. Hilo la pili ndilo gumu.

Kijana wa Raskazone:
Nafundisha watu kuogelea. Kuna akina mama, watu wazima kabisa, wananishika kifua na kunipiga picha bila kuniuliza. Nikilalamika naambiwa nina bahati. Siku hizi navaa fulana hata majini.

Dereva Bajaji TA:
Nitasema ninachokiona. Nina abiria wa kike wanaopanda Mgandini na kushuka kona ya pili tu. Wangetembea. Wanalipa nauli ili wasipite kijiwe fulani kwa miguu. Mmoja ni muuza vitumbua, hela ile ni faida yake ya asubuhi. Ninapoweza nawapitisha bure, lakini kijiwe kiko pale pale.

Msaidizi wa Sheria:
Mama wa Mabawa, pole sana. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinakataza unyanyasaji wa kingono, na kinagusa vitendo na maneno pia. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote. Faini hiyo mimi naiona ndogo mno. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Binti Pangani, lako ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure.

Binti Pangani:
Ujumbe wake bado ninao. Unafaa kuwa ushahidi?

Msaidizi wa Sheria:
Unafaa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu. Usiufute, namba yake usiizuie, simu usiiuze, na ukienda kutoa taarifa nenda nayo hiyo hiyo.

Mwana wa Chumbageni:
Ukihitaji wa kukusindikiza, dada yangu mkubwa yuko Chumbageni. Nimeshamwambia. Nitumie ujumbe pembeni nikupe namba yake.