Vijana wa Abayudaya na kamera: tupeane uzoefu wa kurekodi simulizi za wazee

Mwanzisha uzi
Wakuu, uzi huu ni wa tunaosaidia vijana wa Kiyahudi kutengeneza filamu fupi juu ya asili yao, hasa Abayudaya wa Mbale, Uganda. Historia yao ina miaka mia na ushee tu, tangu jemadari Semei Kakungulu alipojitahiri yeye na wanawe mwaka 1919 ili kuifuata Torati. Jjajja (babu au bibi kwa Kiganda) aliye hai leo anaweza kusimulia aliyoyasikia kwa vinywa vya waliokuwapo, na nafasi hiyo haitadumu. Leteni mbinu: hatua, vipimo, na mahali mambo yanapoharibika.

Mpanga ratiba
Kalenda kwanza, kamera baadaye. Sabato inaingia Ijumaa jua likizama na kutoka Jumamosi nyota zikionekana. Hapo katikati hakuna kurekodi. Mbale jua huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1, na mishumaa kwa desturi huwashwa dakika 18 kabla. Saa 11 vifaa viwe vimeshafungwa begini.

Kijana akitaka picha za Torati ikisomwa, asubiri Jumatatu au Alhamisi asubuhi, maana siku hizo pia husomwa. Ila lazima watimie Wayahudi watu wazima 10. Wakiwa 9, usomaji haufanyiki na asubuhi yako imekwenda, hivyo hakikisha idadi tangu jana yake. Ngozi ya Torati haiguswi kwa kidole. Simama nyuma ya bega la msomaji, bila flashi, ufuate ncha ya kile kijiti chenye umbo la mkono kinavyotambaa juu ya herufi. Picha hiyo moja inasema mengi kuliko kuzungusha kamera sinagogi zima.

Fundi sauti
Adui mkubwa ni bati. Mvua ikianza kugonga paa, hakuna programu itakayokurudishia sauti ya mzee. Rekodi asubuhi. Maiki ya kubana ikae shubiri moja chini ya kidevu, isiguse shanga wala leso. Sauti icheze kwenye desibeli -12, isivuke -6. Mkimaliza, watu wote wanyamaze sekunde 30, urekodi ukimya wa chumba. Utauhitaji kuziba viraka wakati wa kuhariri.

Wanaotumia simu: simu nyingi hazirekodi fremu (picha moja moja za video) kwa idadi moja kila sekunde, hupanda na kushuka. Ukiunganisha na sauti ya kinasa cha pembeni, kadiri dakika zinavyosonga midomo na maneno vinaachana. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadili faili za video, chagua fremu 25 kwa sekunde zisizobadilika, ndipo uhariri. Umeme wa Uganda ni hezi 50, kwa hiyo shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) iwe sekunde 1/50. Ukiweka 1/60, taa za tyubu zitakuletea michirizi.

Mwalimu wa mahojiano
Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Miaka ya Idi Amin, 1971 hadi 1979, ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Kijana akiuliza "Enzi ya Amin ilikuwaje?", anapewa jibu la kitabuni: ilikuwa ngumu. Swali liwe dogo, la kushikika. Ijumaa jioni mlikusanyikia chumba gani? Taa mliificha wapi? Nani alikaa mlangoni? Zaburi mliimba kwa sauti ya kiasi gani? Mwombe aiimbe vile vile, kwa Kiganda, kwa sauti ile ile ya chini. Mara nyingi hapo ndipo filamu inapozaliwa.

Jjajja akinyamaza, kijana ahesabu kimoyomoyo hadi saba kabla ya kusema neno. Maswali 8 yanatosha kwa dakika 45. Zaidi ya hapo mzee anachoka na anaanza kujibu kwa mkato. Na kijana asiangalie kioo cha kamera. Ainame kidogo, amtazame mzee machoni, mwenzake ndiye ashughulike na mashine.

Mhariri
Maandishi ya chini: mistari miwili, herufi 42 kwa mstari. Kiebrania huandikwa kutoka kulia, na programu nyingi hurusha nukta upande usio wake. Weka baada ya nukta alama fiche U+200F, inayoiambia programu kuwa maandishi yanatoka kulia, itatulia. Hati yoyote yenye Jina la Mungu kwa herufi za Kiebrania usiitupe jalalani, wakabidhi viongozi wa sinagogi waizike kwa taratibu zao.

Mwanzisha uzi
Asanteni. La idhini: aliye chini ya miaka 18, mzazi asaini kabla ya kurekodi. Jjajja naye aone kipande chake kabla hakijatoka, akisema "hapo kata", mnakata. Dakika 45 za picha kwa megabiti 17 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 6, hivyo kadi ya 32 inabeba mahojiano matano kwa usalama. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya Mbale.