Naomba ushauri: shokapu za mbele zinazama hadi mwisho nikikamata breki

Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu pikipiki yangu ya mbio za lami. Nikiwa nimeikalia na mavazi yote ya mbio, shokapu za mbele huzama milimita 35, kipimo ambacho naona ni cha kawaida, lakini kila ninapokamata breki kwa nguvu kabla ya kona, kamba ya plastiki niliyoifunga kwenye bomba la shokapu ili inionyeshe zimezama kiasi gani huikuta imesukumwa hadi mwisho kabisa. Oili na sili nimekwisha kuzibadilisha (moja ilikuwa ikivuja), ila hali ni ileile. Nikizikaza springi, mbele hubaki juu na pikipiki hukataa kuingia kona. Je, ninunue springi ngumu zaidi, au kwanza niongeze oili kidogo ili nafasi ya hewa iliyo juu yake ipungue?