Naomba ushauri: nimebatizwa ukubwani, ila kumwita Bikira Maria "Mama" kunanishinda

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Na msio wa imani hii habari zenu, karibuni, ila naomba tuheshimiane.

Nina miaka 34. Nilibatizwa mkesha wa Pasaka miaka miwili iliyopita, baada ya ukatekumeni (mafundisho ya kujiandaa na ubatizo). Misa naipenda, kuungama nimeshazoea (mwanzoni magoti yalikuwa yanagongana). Kinachonisumbua ni kimoja, na mbele ya wenzangu naona aibu kukitaja. Kwamba Maria ni Mama wa Mungu nasadiki bila wasiwasi. Ninachoshindwa ni kumwita mama yangu.

Mama aliyenizaa aliondoka nikiwa na miaka sita. Siku hiyo alikuwa ananisuka. Alishamaliza upande mmoja, akaniambia, "Usitikisike, nakwenda kuchukua kitana." Nilikaa pale pale, kichwa nimekiinamisha vile vile alivyokiacha, mpaka giza likaingia. Upande wa pili alikuja kuumalizia shangazi siku mbili baadaye. Mama sijamwona tena mpaka leo.

Sasa tukisali rozari pamoja, wenzangu wakifika kwenye "Mama yetu mpendwa" wengine machozi yanawatoka. Mimi naona kitana. Rozari yangu nilipewa na msimamizi wangu wa ubatizo (wengine husema mama wa ubatizo, mimi nasema msimamizi, mtaelewa kwa nini). Iko kwenye droo, punje moja ya fungu la tatu (fungu ni Salamu Maria kumi) imepasuka. Nikiisali naenda vizuri tu hadi "Salamu Malkia, Mama mwenye huruma". Hapo nafumba mdomo mpaka wenzangu wamalize.

Je, imani yangu ina kasoro? Mtu anaweza kuwa Mkatoliki kamili bila ibada kwa Bikira Maria? Na kama kuna aliyepitia haya, alifanyaje?

Simama Imara
Dada, moyo wako unakuambia ukweli, usiubishie. Mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, 1 Timotheo 2:5. Unaongea na Yesu bila shida, sasa kwa nini ujitese na mengine?

Mtoto wa Katekista
Mkuu Simama Imara, aya hiyo Kanisa halijaificha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu), kwenye hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, sura ya 8, ulipofika kueleza nafasi ya Maria kwetu ulianza kwa kuinukuu hiyo hiyo. Halafu ukasema umama wake haufuniki wala haupunguzi upatanishi wa Kristo. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Maria tunampa heshima kuliko watakatifu wote, lakini inabaki heshima. Hata juzi juzi, Novemba 2025, Vatikano imetoa waraka ikisema jina la "Mkombozi Mwenza" halifai kutumika kwake. Kwa hiyo breki zipo.

Sasa nirudi kwa mleta uzi. Yanayokubana kusadiki ni haya: kwamba ni Mama wa Mungu, jambo lililothibitishwa na Mtaguso wa Efeso mwaka 431, kwamba ni bikira daima, kwamba alikingiwa dhambi ya asili, tamko la Papa Pius IX mwaka 1854, na kwamba alipalizwa mbinguni mwili na roho, tamko la Papa Pius XII mwaka 1950. Umesema unasadiki. Basi. Rozari ya kila siku si amri. Hata matokeo (Bikira Maria kuwatokea watu) ya Lourdes ya 1858 na ya Fatima ya 1917, pamoja na kukubaliwa, si sehemu ya kanuni ya imani na hayamfungi mtu kama Injili inavyomfunga. Machozi nayo hayapo kwenye orodha yoyote ninayoifahamu.

Ila sitakudanganya kwamba unaweza kumkwepa kabisa. Kila Sala ya Ekaristi inamtaja. Ukienda Misa, mtakutana.

Neema Tele
Dada yangu sali novena ya Mama siku 9 usikose hata moja, kisha itume kwa watu 9 kabla ya usiku wa manane. Ukikatisha mnyororo, neema inarudi ilikotoka!! Mimi imenifanyia makubwa.

Mtoto wa Katekista
Neema Tele, novena sawa, hizo za kutumiana na vitisho hapana. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2111 inaita ushirikina kuipa sala nguvu kwa sababu tu ya tendo la nje, bila moyo unaotakiwa kuwa nyuma yake. Novena tunaifananisha na zile siku kati ya Kupaa na Pentekoste, Mitume walipodumu katika sala pamoja na Maria, Matendo 1:14. Sijasoma popote kwamba Petro alitishiwa akikosa kumtumia mtu wa tisa.

Bibi wa Benchi la Nyuma
Mwanangu, nimesoma uzi wako mara mbili, mara ya pili miwani ikiwa na ukungu.

Wewe mama yako aliondoka. Mimi wangu alikuwepo, na hapo ndipo penye shida yangu. Alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kwa hiyo padri aliposema mimbarini kwamba Maria ni mama, mimi nilikuwa nakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango. Nilisali rozari miaka mingi kama mtu anayelipa deni.

Kilichonisaidia ni kuacha kwanza picha na sanamu, nikatafuta yeye mwenyewe anasema nini. Kwenye Injili maneno yake ni machache, unayamaliza kabla chai haijapoa. Anaongea na malaika, anaongea kwa Elisabeti, Kana anasema divai imewaishia. Na anaongea hekaluni, Luka 2, mtoto wake wa miaka kumi na miwili alipobaki Yerusalemu. Hiyo ndiyo nakuomba uisome wewe. Yule mama aligeuza njia, akarudi mjini, siku ya tatu akampata, na neno la kwanza kwa mtoto lilikuwa la uchungu: mbona umetufanyia hivi, tumekutafuta. Sijui itakugusaje. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia mama akisema kwamba alikuwa anatafuta mtu.

La pili ni la msalabani, Yohana 19. Watu hukuambia Yesu alitupatia Maria awe mama kwa wasio na mama. Tazama vizuri. Mapokeo yanasema yule mwanafunzi aliyekabidhiwa Maria pale ni Yohana, mwana wa Zebedayo. Na Mathayo 27:56 inasema mama yao wana wa Zebedayo alikuwa pale pale miongoni mwa wanawake waliotazama kwa mbali. Yohana alikuwa na mama yake hai! Hakupewa Maria aje kuziba pengo. Na Injili haisemi alijisikiaje. Inasema tu tangu saa ile akamchukua nyumbani kwake. Mimi nilianzia hapo. Sikuweza kuwa mtoto wa mtu, lakini kumkaribisha mwanamke aliyetoka kumzika mwanawe, hilo niliweza. Nilimpa kiti. Neno "mama" lilikuja baadaye sana, na siku lilipokuja nilikuwa nadeki.

Usilazimishe hilo neno, mwanangu. Salamu Maria yenyewe, ukiichunguza, inasema "Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu". Haisemi mama yangu. Tena kuna "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu". Ni katika sala za zamani kabisa alizoelekezewa, imekutwa kwenye kipande cha mafunjo huko Misri. Wakristo wale waliingia hatarini wakamkimbilia, na neno "mama yetu" halimo.

Mshona Viraka
Nakubaliana na Bibi, naongeza la kidunia. Jeraha la kuachwa ukiwa na miaka sita usiliachie rozari peke yake. Tafuta mshauri nasaha mkae mliongee. Siyo kukosa imani. Na kwa sala, fungu moja linatosha, si lazima matano. Jaribu Jumanne au Ijumaa, siku za kutafakari matendo ya uchungu, yaani mateso ya Yesu. Kule haambiwi mtu afurahi.

Simama Imara
Mimi kwenye Maria bado sijashawishika, ila hiyo ya mama wa wana wa Zebedayo nimeifungua nikaikuta. Bibi heshima yako.

Mleta uzi
Asanteni sana, hata Neema Tele (sijatuma kwa mtu, nisamehe).

Bibi, nimeisoma Luka 2. Lakini mbona hukuniambia kwamba walitembea mwendo wa kutwa nzima ndipo wakagundua mtoto hayupo? Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikairudia. Kumbe naye alimpoteza. Sijui kwa nini hilo ndilo limenisogeza, kuliko ukamilifu wake wote niliofundishwa darasani.

Jana usiku nimeitoa rozari kwenye droo. Nimesali "Tunaukimbilia" mara moja na fungu moja. Salamu Malkia nimeiruka. Mshauri nimeshampata, naanza wiki ijayo.

Swali dogo la mwisho: ile punje iliyopasuka, rozari bado inafaa au natakiwa kuipeleka ibarikiwe upya?

Mtoto wa Katekista
Inafaa. Ingekuwa imeharibika kabisa au imeuzwa, hapo tungeongea mengine. Punje moja si kitu. Na ukisali taa ikiwa imezimwa, vidole vitakuambia umefika fungu la tatu.